Gamba la Pono Jichoni

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mavazi wa kikundi cha maigizo cha kijiji chetu cha Kiegeani, na nasema bila haya: kisiwa kizima cha Mafia hapakuwa na wa kunishinda. Nipe gunia tupu la sukari, nikupe koti la Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni, lenye mifuko minne. Nipe kikapu kuukuu na kipande cha marekani, nikupe kofia ngumu ya mzungu, ukiivaa hata mbwa anakubwekea. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, redio ya balozi wetu wa nyumba kumi ikihubiri kujitegemea tangu kunapambazuka, na kila kijiji kina shamba la pamoja, duka la ushirika na kikundi chake cha ngonjera. Vikundi vilishindana, na mimi kushindwa sikujaaliwa.

Mwaka huo mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alitunga mchezo wa mzungu wa serikali ya kikoloni anayefika kijijini na mnyororo wa kupimia, akawapokonya watu minazi yao. Wanaume wote walikataa kuwa mzungu. Mmoja alisema wakwe zake watamchukia, mwingine alisema kaptura itamwaibisha. Basi mzungu akawa shoga yangu, mwanamke mrefu, sauti nzito, mwendo wa kifua mbele. Tangu siku ya kwanza ya mazoezi watoto walimkimbia, wakarudi, wakamkimbia tena.

Shoga yangu huyu tulikua pamoja, tukachezwa unyago pamoja. Kazi yake ilikuwa pweza. Maji ya bahari yakitoka anashuka mwambani na mchokoo, ile fimbo ya kumtolea pweza pangoni mwake, na hapo ndipo utamjua. Pweza ana hila, anajigeuza rangi ya jiwe alilokalia. Mimi nitapita nione jiwe. Yeye atapita aone jiwe lenye macho. Mumewe alikwisha kumwacha, mama yake alikuwa wa kitandani, hawezi miguu, na chungu cha nyumba ile kilitegemea yale macho mawili. Nilijua hivyo. Siwezi kusema sikujua.

Zilipobaki wiki mbili kabla ya mashindano ya Kilindoni, makao ya wilaya, tukapata habari kwamba kijiji jirani wamemtengenezea mzungu wao nywele za katani, ndefu, za manjano. Mwalimu akamtazama shoga yangu ndani ya koti langu, akakuna kidevu. "Mavazi mazuri," akasema, "lakini mzungu gani huyu mwenye macho meusi? Wazee wa Kilindoni walimwona yule wa kweli. Alikuwa na macho ya buluu."

Loo! Damu ilinichemka. Mimi niambiwe kazi yangu ina kasoro? "Macho yatapatikana," nikajibu. Watu wakacheka. "Utayanunua duka la ushirika?" mmoja akauliza. "Hata chumvi haipo!" Nikawaambia wacheke tu, meno ni yao.

Sasa niwaeleze akili yangu ilivyokwenda, maana mtu wa bara atadhani nilipandwa na wazimu. Sisi tumekulia kwenye kuparua samaki. Ukiparua, magamba yanaruka, na sijui mwanamke wa Mafia ambaye gamba halijapata kumwingia jichoni. Linanata, unaona ukungu, unapepesa, unanawa, linatoka, unaendelea na kazi yako. Nikajiambia kwamba jicho na gamba ni majirani wa siku nyingi, hawawezi kudhuriana. Tena pono, yule samaki wa buluu na kijani mwenye mdomo wa kasuku, magamba yake ni mapana, membamba, yanapitisha mwanga. Kwa nini lisikae jichoni kwa dakika kumi za mchezo?

Nikaenda kwa wavuvi wa dago, wale wageni wanaopiga kambi pwani msimu wao ukifika, nikaomba magamba ya pono mkubwa. Wakakonyezana, walidhani natafuta dawa ya mapenzi. Nyumbani nikachagua mawili yaliyolingana, nikayakata duara kwa wembe, nikatoboa tundu katikati pa kuonea. Nikayaloweka kwenye bluu ya kufulia mpaka rangi ikashika. Yalikuwa yananuka shombo, na nani asiyejua dawa ya shombo? Nikayasugua kwa ndimu, nikayasuuza kwa maji ya mtungi. Wallahi, nilijiona bingwa. Sikulijaribu hata moja katika jicho langu mwenyewe. Nilijiambia nina vifungo vya kushona, sina nafasi. Uongo mtupu. Mtu hujaribu kwa mwenzake kile anachokiogopa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kesho yake alasiri, kwenye uwanja wa mazoezi, nikamwonyesha. "Litaniuma?" akauliza.

"Likikuuma nikate mkono."

Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akapanua jicho la kushoto kwa vidole viwili, nikaliweka. Akasimama. Jamani! Jicho moja jeusi, la pili la buluu, akatutazama kutoka huko juu. Mwalimu alirudi nyuma hatua moja. Siwezi kuikana kazi yangu hata leo. Kwa muda wa kusema bismillahi mara tatu, ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata kufanya.

Kisha akapepesa. Akapepesa tena, akashika shavu. "Toa," akasema. Nikacheka, nikamwambia avumilie, mzungu halii. "Toa nakwambia!" Hiyo haikuwa sauti ya mchezo. Nikamnawisha, halitoki. Lilikuwa limejikunja, likamng'ang'ania. Nikatia ulimi jichoni, kama tunavyowatoa watoto kibanzi, na ulimi wangu ukagusa makali ya lile gamba. Hapo ndipo nilipoogopa. Mwanamke mmoja anyonyeshaye akaja mbio kumkamulia maziwa jichoni, ndiyo dawa yetu ya macho tangu enzi za mabibi. Maziwa yakamtiririka shavuni pamoja na machozi na bluu, gamba likabaki pale pale. Shoga yangu hakupiga kelele. Aliushika mkono wangu akaubana mpaka kucha zikaingia nyamani, akasema taratibu, "Sioni."

Mwalimu alimpakia kwenye baiskeli yake mpaka zahanati, mimi nikikimbia pembeni na khanga mkononi. Mganga wa zahanati alikuwa kijana mkali ambaye sote tulimwita daktari. Akamlaza, akawa anamdondoshea maji yaliyochemshwa yakapozwa, tone baada ya tone, kwa muda mrefu, mpaka gamba likalegea likatoka vipande viwili. Akaviweka juu ya pamba.

"Hiki nini?"

"Gamba la pono, daktari."

"Na rangi hii?"

"Bluu."

"Bluu ya kufulia nguo?"

"Ndiyo. Lakini niliyaosha vizuri kwa ndimu."

Akaniangalia. "Kwa ndimu," akasema, wala hakupaza sauti.

Alipokwisha kumtia dawa ya kupaka na kumfunga bendeji, ndipo akanipa haki yangu. Alisema viko vitu vya namna hiyo duniani, vioo vidogo sana vya kuvaa juu ya mboni, alivisikia akiwa masomoni Dar es Salaam. Lakini hata huko vinakotengenezwa, mtu hajipachiki tu. Mtaalamu anampima kila mtu jicho lake, kwa sababu macho hayalingani. Vinaoshwa kwa dawa yake maalumu, mtu hamwazimi mwenziwe, halali navyo, na kikiuma kinatolewa papo hapo, si mpaka mchezo uishe. "Wewe umelichuna jicho la mwenzio, kisha ukalitia ndimu," akasema. "Kioo cha jicho kimechubuka. Huenda kikapona. Huenda kikabaki kovu, akaona ukungu maisha yake yote. Sijui." Akamkataza moshi, vumbi na bahari.

Siku hizi naona mabinti wa mjini wanauziwa macho ya kijani na ya kijivu sokoni, wanayavaa arusini na kwenye maigizo, na wengine wanaazimana kama wanavyoazimana hereni. Wakiniuliza, nawapa yale ya daktari pamoja na ukali wangu mwenyewe. Kapimwe kwanza, hata kama macho yako mazima. Nawa mikono kwa sabuni. Usivae jicho la mtu, usilirambe, usilitie maji ya mtungi. Likikuwasha litoe, mchezo utaendelea bila wewe. Wananiita bibi mkali. Na waniite.

Jioni ile nilikwenda kwa mama yake, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasema yote. Mama hakunitukana. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu, nani atashuka mwambani?" Nikasema mimi. Na nilishuka kweli, kila maji yalipotoka, nikakatwa na matumbawe miguu yote miwili, nikatumbukia mashimoni, na kwa siku nne nikapata pweza mmoja, mdogo, ambaye nadhani alikuwa mgonjwa. Mama alimla akamsifu. Siku nyingine nilipeleka muhogo na samaki wa kwetu nyumbani. Kila siku nilimwomba shoga yangu radhi, na kila siku, amegeukia ukuta, alinijibu, "Nimekusamehe, yamekwisha."

Mzungu sasa hakuna. Nilitaka tujitoe, yeye akakataa. "Vaa mwenyewe koti lako," akasema. Akanifundisha akiwa na bendeji yake, amekaa juu ya mkeka mbali na vumbi la uwanja, na ole wangu nikikosea. "Usipepese ovyo! Shingo igeuke kwanza, macho yafuate. Na kwa nini unawatazama watu? Wazee wanasema yule mzungu alikuwa hakutazami wewe, anatazama mnazi wako." Macho ya rangi tuliyaacha. Nilijipaka chaki kwenye nyusi tu, mbali na jicho, nikaishusha kofia.

Kilindoni watu walijaa mpaka juu ya miembe. Nikaingia, nikageuza shingo, macho yakafuata, nikawapita watu wote nikatazama minazi yao iliyo nyuma. Mzee mmoja aliyepata kutumika bomani enzi zile akasimama, akavua kofia. Alipokumbuka yuko wapi akairudisha kichwani kwa hasira, na watu wakavunjika mbavu. Macho yangu meusi tii! Nywele za katani tukaziacha mbali, ushindi tukachukua sisi. Lakini nilimwona shoga yangu mstari wa mbele, kila kinachotokea upande wa kushoto anageuza kichwa kizima kukitafuta, na ushindi ule ukaniingia mdomoni hauna chumvi.

Bendeji ilipotolewa, wekundu ulikuwa umekwisha. Daktari akasema kwa nje anaona jicho zima, lakini linaonaje anajua mwenyewe. Yeye aliwaambia watu wote, "Naona." Alimwambia mama yake, akamwambia mwalimu, akaniambia mimi. Nami namjua: angepofuka angesema hivyo hivyo, ili mama yake apate usingizi. Sikumwamini hata kidogo, na kumuuliza tena niliona haya.

Daktari alipomruhusu bahari, ilikuwa bamvua, maji yanakwenda mbali kabisa. Nikamfuata bila kualikwa. Tulipofika mwambani akasimama, akafungua kitambaa cha kichwani, akajifunga nacho jicho la kulia, lile zima. Akaanza kutembea na la kushoto peke yake.

Tukapita jiwe la kwanza, la pili, la tano. Nilikuwa nahesabu. Mimi sikuona kitu, lakini mimi sikupata kuona kitu mwambani tangu nizaliwe. Akajikwaa, nikanyoosha mkono kumshika, akaupiga ukaondoka. Tukapita mengine. Nikaanza kuomba kimoyomoyo, Ya Rabbi, nipunguzie mimi umpe yeye.

Akasimama.

"Pale."

"Wapi?"

"Pale! Kipofu wewe."

Akatia mchokoo chini ya jiwe ambalo ningeapa ni jiwe, akausokota, akavuta. Pweza akatoka amemkumbatia mkono mpaka kwenye kiwiko, mkubwa, amekasirika, anageuka rangi. Akampiga mwambani mara nyingi mpaka akalegea, akamtia kikapuni. Kisha akakifungua kile kitambaa, akanigeukia, akanitazama kwa macho yote mawili.

"Siku zile nilipokuwa nakwambia nimekusamehe," akasema, "nilikuwa nasema tu. Sasa ndiyo nimekusamehe."

Nikakaa pale pale kwenye maji na khanga yangu, nikalia kwa sauti mbele ya wanawake wote waliokuwa mwambani. Hakunibembeleza. Aliokota mchokoo wake, akaendelea kutafuta.