Rubani Niliyemshitaki Molenbeek

Ndege iligeuka ghafla juu ya paa langu hapa mtaani Molenbeek, nami nikashika kalamu kuwaandikia wakuu wa uwanja wa ndege barua ya mashtaka. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba rubani hufuata minara ya redio, mmoja hadi mwingine. Huyu ameacha njia, nikaandika, aadhibiwe. Majirani walitia sahihi bila kusoma, kwa kuwa mimi ni mtu wa chuo kikuu.

Jumapili, Maman Béatrice, jirani yangu Mkongo, aliniita nimsomee mpwa wake barua hiyo. Binti huyo huongoza ndege kwa redio uwanjani, jambo ambalo sikulijua. Nilisoma kwa sauti ya hakimu.

“Tonton,” akasema kwa upole, akiniita mjomba, “sheria ulisoma nusu. Tukimupa rubani mwelekeo, anaacha minara, anatufwata sisi mupaka tumurudishe kwa njia yake. Ile siku ni miye nilimuambia ageuke. Mbele kulikuwa ndege ingine.”

Maman Béatrice alicheka hadi akashika meza. “Bon, mwalimu, alors ufute majina yetu!”

Nikakohoa. “Maman, hii ni nakala. Barua yenyewe ilikwenda Ijumaa, kwa posta ya rejista. Na jina lako ndilo la kwanza.”