Ndala za Mbele ya Friji

Mtaani walimwita Fundi Ethi, kwa kuwa hakuna nyumba aliyoingia akatoka bila kuuhubiri waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme unaovuja. Mteja akiuliza waya mmoja zaidi wa nini, humkalisha kitako amsomeshe. Siku ile aliyekalishwa ni shemeji yake aliyekuwa akijenga. Walikuwa kwa mama yake fundi, wamemaliza kula.

"Sikia, shemeji. Friji ikiharibika, umeme unavuja mpaka kwenye bati lake. Ukiligusa, njia ni wewe. Sasa upe njia ya pili, ya waya, nyepesi kuliko mwili wako. Karibu wote utapita huko, wewe hupati hata wa kukutekenya. Fundi anayekunyima huo waya hakutakii mema."

Mahubiri yakamkausha koo. Akainuka kufuata maji, miguu mitupu.

"Vaa ndala kwanza, mwanangu," mama akasema taratibu. "Na ushikie hicho kitambaa."

Ndala zilikuwa mbele ya friji, zimepangwa vizuri. Kitambaa kilifungwa kwenye mkono wa mlango wake. Siku zote fundi alidhani ni pambo. Akatoa testa mfukoni, bisibisi yake ya kupimia umeme, akaigusisha kwenye bati. Ikawaka.

Shemeji akaanza kuangalia dari.

Fundi akazima swichi kuu, akafungua soketi aliyoifunga mwenyewe. Waya wa ethi ulikuwa umekunjwa nyuma, haujashikizwa popote. Akakumbuka. Siku ile aliitwa kwa mkubwa mmoja, akaondoka mbio, akasema atarudi kumalizia. Wanasema mganga hajigangi, lakini huyu hakushindwa. Aliahirisha tu, maana kwa mama hapakimbii. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Tangu lini, mama?"

"Muda sasa. Inanifinya tu."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa na kazi za watu. Na watu wakisikia, si watakucheka?"

Akaufunga waya, akaziba na ule uliochubuka nyuma ya friji, akawasha, akapima. Testa haikuwaka.

"Shika sasa, mama."

Mama akavua ndala, akashika bati kwa mkono mtupu. "Ahsante, fundi wangu," akasema.

Fundi alikwishafika nje alipokumbuka kuwa ameisahau testa. Akarudi. Dirishani akamwona mama amezivaa tena ndala, anakirudisha kitambaa mahali pake, anakaza fundo. Hakupiga hodi. Testa akaiacha huko huko.