Siku Gitaa Liliponyamaza Mang'ola

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa nacheka peke yangu jikoni. Ni siku gitaa la umeme liliponyamaza mikononi mwangu kule Mang'ola, mbele ya kwaya nzima, na watu wakaamua palepale kwamba mwenye kosa ni mimi. Nakusimulia kwa sababu jana uliniletea lako ukasema, "Mama, limekufa." Halijafa. Kaa chini kwanza.

Wakati ule nilikuwa mpiga solo wa kwaya yetu ya Karatu. Usidhani nilikabidhiwa gitaa kwa shangwe. Mpigaji wa zamani alihamia Wasso kikazi, na Mzee Boay, mwenyekiti wetu, akanikubali kwa shingo upande. Alisema nitapiga kwenye tamasha la kwaya Mang'ola, na nikiharibu, gitaa linarudi kwa wanaume na mimi narudi kuimba sauti ya kwanza. Nililipenda gitaa lile kuliko chakula. Nilijua nikilikosa siku hiyo sitalishika tena.

Tuliteremka Mang'ola asubuhi kwa lori lililokuwa linakwenda kupakia vitunguu. Vumbi la njia ile unalijua. Tulishuka tumefanana wote, nywele na nyusi rangi moja. Gitaa lilikuwa ndani ya mfuko wa kitenge nilioushona mwenyewe, lakini vumbi halipigi hodi. Nilipolijaribu, kila nikizungusha kitufe cha voliumu spika ilitoa mkwaruzo, krrr, krrr, sauti inakuja na kukatika.

Daudi, mpiga besi wetu, alikuwa kijana mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Akasema, "Hiyo inakwaruza, inataka mafuta." Kwetu kila kinacholia hupakwa mafuta, iwe bawaba, iwe baiskeli, iwe mlango wa zizi. Akakimbia kwa fundi cherehani wa sokoni, akarudi na kichupa, akadondosha mafuta kwenye kitufe kabla sijamaliza kusema ngoja. Mafuta yakaingia ndani, yakakutana na vumbi, yakawa tope. Nikazungusha tena. Kimya. Hata ule mkwaruzo nikautamani.

Mzee Boay akaja, mikono nyuma. Hakuuliza kitu.

"Binti, gitaa hili halijazoea mkono wa kike. Liweke kwenye mfuko, ukasimame na wenzako."

Uwanjani kwaya ya wafugaji kutoka Piyaya ilikuwa imeshaanza, wanaimba bila chombo chochote na ardhi inatikisika. Baada yao tulikuwa sisi. Nikaenda nyuma ya lori nikalia. Nilikuwa najiandaa kuomba radhi, mwanangu, kwa kosa nisilolijua.

Aliyenifuata ni Shangazi Paskalina, aliyenilea na kunifundisha kukamua. Yeye aliimba sauti ya pili, na maneno yake hayakuwa na sukari.

"Yuditha, ng'ombe akipunguza maziwa unafanya nini?"

"Nakamua chuchu moja moja, nijue yenye shida ni ipi."

"Husemi ng'ombe mzima amekufa?"

"Sisemi, shangazi."

"Sasa mbona gitaa unalizika zima zima? Futa kamasi."

Nilifuta, nikarudi chini ya turubai tulipoweka vyombo. Nikachukua waya wa gitaa langu nikauchomeka kwenye besi ya Daudi, besi ikanguruma vizuri. Basi waya ni mzima, na spika ni nzima. Hapo moyo wangu ulitulia kidogo, maana shida sasa ilikuwa imebanwa ndani ya gitaa, haina pa kukimbilia. Nikaazima bisibisi kwa dereva wa lori, nikafungua kifuniko.

Ndani si maajabu, mwanangu. Chini ya nyuzi kuna sumaku, ndizo zinazosikia nyuzi zikitetemeka. Waya mmoja unatoka kwenye sumaku unaingia kwenye kifaa cha voliumu, kwenye kijiguu chake cha pembeni. Mwingine unatoka kijiguu cha katikati unakwenda pale unapochomeka waya wa spika. Nikaziangalia nyaya zote, hakuna iliyokatika. Kilichobaki ni hicho kifaa, kilichojaa tope la Daudi. Nikamwambia apunguze spika. Nikalaza ncha ya bisibisi ili iguse vijiguu vyote viwili, sauti ipite juu bila kuingia kwenye tope, kisha nikapiga uzi mmoja.

Gitaa likalia. Halikukwaruza, lililia safi, likajaa chini ya turubai lote. Daudi alikaa chini kwa kicheko. Nikavizungushia vijiguu vile kipande cha waya wa shaba, nikafunga kifuniko, nikapanda jukwaani bila kuomba ruhusa.

Sasa kitufe kilikuwa pambo tu. Gitaa lilikuwa wazi lote, hakuna pa kulipunguzia. Mzee Boay akanong'ona, "Utatupasua masikio." Kwenye ubeti nililigusa kwa nyama ya kidole gumba, polepole, mpaka Shangazi alisikika kila neno. Kwenye kiitikio nikaliachia. Loo, mwanangu, nililiachia kweli. Wale wafugaji wa Piyaya waliruka juu na fimbo zao, wauza vitunguu wakaacha magunia wakaja, vigelegele vikafunika hata besi. Sijawahi kufurahi namna ile, na nimeolewa.

Tuliposhuka, Mzee Boay alinipokea gitaa kwa mikono miwili. Nikadhani ananinyang'anya. Akalibeba mwenyewe hadi kwenye lori, akapanda, akalipakata njia nzima hadi Karatu ili lisigongwe. Tulipofika akanirudishia, akasema, "Jumapili usichelewe." Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza tena habari ya mkono wa kike.

Basi sikia. Kitu kikinyamaza mikononi mwako, usikubali upesi kwamba wewe ndiye kasoro. Anza na waya, nenda kwenye spika, halafu fungua ndani, na kila kilicho kizima kiweke pembeni mpaka shida ibaki peke yake. Usimwage mafuta kwa sababu tu kitu kinalia. Na atakayekwambia mkono wako una nuksi, mwambie kwa heshima akushikie bisibisi.

Mungu akupe sikio tulivu na vidole visivyotetemeka. Akupe na shangazi wa kukufuata nyuma ya lori. Haya, lete hilo gitaa.