Kisima cha Bi Kache na Muhogo wa Kimo cha Mtu

Bi Mwanatumu alishona makuti miaka arubaini pale kijijini kwetu, baina ya Kinondo na Msambweni, na sikupata kumwona akinyamaza zaidi ya muda wa kukata ukili mmoja. Alikaa kwenye njia ya kisimani. Kila aliyepita na ndoo aliulizwa, "Maji ya nani hayo?" Ukijibu, "Ya Bi Kache," unakwenda zako. Ukikosea, unakalishwa chini usimuliwe kisa kizima cha mama mzaa mama yake, aliyekichimba kisima kile, tangu jembe la kwanza mpaka tone la mwisho. Mimi nilikuwa nikizungukia nyuma ya msikiti, sioni haya kusema.

Uhuru ulipotimiza mwaka, akaja Mwalimu Kalama kwa baiskeli kutoka Matuga, na daftari kubwa kwapani. Kazi yake ilikuwa kukusanya asili ya kila mahali, isomwe mbele ya watu siku ya sherehe, kisha pasimikwe ubao. Kwa bahati mbaya siku hiyo Bi Mwanatumu alikuwa mazikoni Msambweni. Kando ya kisima alikuwapo Mzee Boga tu, akikaanga samaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kisima hiki nani alikichimba?"

Mzee Boga akageuza samaki wake taratibu. "Hakikuchimbwa. Kache alikuja kuiba muhogo katika shamba la babu yangu. Akauvuta, muhogo ukakataa. Akavuta tena, ukang'oka kwa ghafla, naye akaanguka kitako kwa kishindo, ardhi ikapasuka, maji yakatoka."

"Muhogo wenyewe ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Kimo cha mtu."

Mwalimu akaandika: *kimo cha mtu mzima*.

Mwalimu Kalama alikuwa mtu wa Kilifi, utani anaujua tangu tumboni mwa mamake. Ila hakuuliza. Nyumba ya Boga na nyumba ya Kache zilikuwa za watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa kukutukana mpaka kwenye msiba wako, na wewe huna ruhusa kukasirika. Ukikasirika unalipa kuku. Kitabu kizima cha asili yetu kilikuwa kimeandikwa kutoka kinywani mwa mtu wa mwisho kupaswa kuulizwa.

Siku ya sherehe tulijaa uwanjani, wazee mbele, akina mama na leso zao mpya. Mwalimu akasoma kwa sauti ya serikali. Alipofika kwenye kitako cha Bi Kache, watu walicheka mpaka mkeka mmoja ukachanika. Mzee Boga alikuwa akimtazama Bi Mwanatumu kama mtu aliyekwisha bandika chungu jikoni anangoja kuku tu.

Bi Mwanatumu akasimama. Alikuwa akitabasamu, lakini tabasamu la mtu anayeng'olewa jino.

"Mwalimu, umesahau kidogo," akasema. "Shamba lile halikuwa la babu yake Boga. Naye alikuja kuiba. Tena alitangulia, akashiba, akalala humo humo. Bibi yangu alidhani anavuta muhogo, kumbe anavuta mguu wake. Ndiyo maana ukawa kimo cha mtu."

Mwalimu, masikini, akaandika na hayo. Uwanja ukalipuka. Mzee Boga mwenyewe alicheka akafuta machozi.

Ila Bi Mwanatumu hakuketi. Sauti ikamshuka. "Basi ubao uandikwe hivyo hivyo. Mimi nimezeeka, sina mtoto wa kumwachia maneno haya. Watu watakuwa wakichota na kucheka."

Hakukuwa na hasira hata chembe katika maneno yale. Mzee Boga alitazama miguu yake, kisha akainuka.

"Mwalimu, futa. Mimi nilikuwa nikitania, nawe ukaandika kwa wino." Akakohoa. "Ulikuwa mwaka wa ukame. Kache alichimba peke yake siku tisa, wanaume wakimcheka, babu yangu akiwa wa kwanza. Maji yalipotoka, babu yangu alikuwa kitandani, midomo imempasuka. Ndoo ya kwanza Kache alimpelekea yeye. Mimi na wanangu wote tuko hapa kwa ndoo ile."

Nililia, na sikuwa peke yangu.

Mwalimu aliandika upya. Akauliza, "Na muhogo, niufute?"

"Uache daftarini," Bi Mwanatumu akasema. "Kwenye ubao weka jina lake tu."

Ubao ule ulisimama masika mawili, mchwa wakaumaliza. Daftari lilikokwenda hatujui. Lakini muhogo watoto wameushika mpaka leo. Wanaanguka vitako kisimani kwa makusudi, wakiita, "Kache huyo!" kisha yule mdogo kuliko wote anauliza Kache alikuwa nani, na pana mtu wa kumwambia.

Jioni ile ya sherehe Bi Mwanatumu alikwenda kwa Mzee Boga, jogoo kwapani.

"Sikukasirika," akamwambia. "Huyu si wa faini."

Mzee Boga akampokea jogoo kwa mikono miwili, akauliza kama naye ameibwa shambani kwa babu yake.