Mipira Iliyokufa

Kama kuna kitu kilichomkera fundi Nyundo kuliko mteja anayetaka gari lake leo leo, ni mpira wa gofu usio na uhai. Na mwaka ule, kwa maelezo yake mwenyewe, mipira yote ilikuwa imekufa.

Nyundo alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Milango iliyobonyea, boneti zilizokunjamana, bampa zilizoning'inia, vyote vilipita mikononi mwake, ndani ya gereji ya mabati ambamo ukitaka kuongea na mtu lazima umvute shati kwanza. Alianza kugonga bati kabla hajaota ndevu, na jina alipewa kazini. Gofu aliijua ukubwani, kupitia shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa na kiduka cha vifaa pale klabuni. Shemeji ndiye aliyemfundisha kushika fimbo, ndiye aliyemuuzia mpira wa kwanza, na kila Jumamosi walikuwa pamoja uwanjani, mvua inyeshe, jua liwake.

Ukitaka kuwajua wacheza gofu wa ridhaa, wasikilize wakizungumzia mipira. Usiwatazame wakicheza, utawaonea huruma bure. Mmoja anauminya kwa kucha, akikunja uso kama daktari. Mwingine anaudundisha sakafuni, usipomfika kiunoni anasema huo wapewe watoto. Palikuwa na mhasibu ambaye haulizi lolote ila bei: ukiwa ghali ni mzuri, basi. Huo mzuri anaupeleka vichakani kwa pigo la kwanza, halafu anarudi kifua mbele, eti angalau amepoteza mpira wa maana. Na palikuwa na mwalimu mstaafu, mama wa watu, anayecheza na mipira ya kuokota yenye mikwaruzo, na anawafunga wote. Ukimuuliza anachaguaje, anasema anachagua ulio karibu na mguu wake.

Nyundo yeye alisema mpira unapimwa kwa mkono. Unapousukuma taratibu kuelekea shimoni, alisema, mpira mzuri unauhisi mpaka kwenye viganja, laini na hai, na palepale unajua utafika wapi. Mpira mbaya ni mgumu, unakurudishia kama jiwe. Alikuwa anajua, tumpe haki yake. Kwenye masafa mafupi hakuna aliyemgusa pale klabuni.

Halafu mambo yakaharibika. Mipira ikaacha kumjibu. Anausukuma, unapita shimo na kwenda zake. Anaupunguzia, unakufa njiani. Akabadilisha aina, akabadilisha tena, akanunua hata ile ya mhasibu, na yote ilikuwa ileile: mbao, alisema, anapiga mbao. Akasikia mahali kwamba ukiuweka mpira uelee kwenye maji ya chumvi, ulio mbovu utageuka na kuleta upande uleule juu kila mara. Basi akachukua sufuria kubwa ya mkewe na chumvi yote ya nyumbani. Mkewe aliporudi alikuta mipira inaogelea jikoni na hakuna cha kupikia. Alimwambia la kumwambia, lakini Nyundo alikuwa amempa mgongo, ameinamia sufuria, akiizungusha mipira kwa kidole. Hakujibu neno. Mkewe akabeba kikapu akarudi sokoni.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wanaishi siku hizo. Mke alizungumza yale ya lazima tu, chakula tayari, mgeni yuko mlangoni, na Nyundo hakulitilia maanani. Kichwa kilikuwa kwenye mipira.

Hasira ikiwa haina mahali pa kutua hutafuta, na ya Nyundo ilitua kwa mtu wa karibu. Mipira yote ameinunua wapi? Kwa shemeji. Basi shemeji anauza feki! Anaokota mikuukuu, anaing'arisha, anaifunga upya kwenye boksi. Hakulisema hilo kwa kunong'ona. Alilisema kwenye baa ya klabu, mbele za watu, shemeji mwenyewe akiwa amesimama pale na glasi mkononi. Shemeji aliweka glasi mezani, akaondoka. Angeishia hapo lingekuwa la kifamilia. Lakini Nyundo akianza jambo haliachi nusu: alipeleka malalamiko kwenye kamati. Kamati nayo ikasema itakaa Ijumaa, na likithibitika, shemeji atafunga virago vyake. Kile kiduka ndicho kilichokuwa kinamlisha, yeye na wanawe.

Mkewe Nyundo akawa amebanwa katikati, huku mume, huku kaka wa tumbo moja. Hakupiga kelele. Alhamisi jioni alivaa viatu, akasimama mlangoni, akamshika Nyundo mkono wa shati na kumwambia waende dukani, akamwonyeshe kaka yake feki ni ipi. Kama ipo, yeye mwenyewe atasimama Ijumaa amtetee mumewe.

Wakamkuta shemeji anapanga glavu kwenye rafu. Salamu ilikuwa ya mkato. Nyundo akachukua fimbo ya kusukumia, akaomba mpira wa bei ya chini kabisa dukani, ule mgumu wa kufanyia mazoezi, na mmoja wa ile ya bei juu anayodai ni feki. Mkewe alikuwa amekaa kwenye sanduku akitazama nje ya dirisha, mgongo kwao. Hakutaka kuona watu wazima wakigombania vitu vya ukubwa wa limau.

Nyundo akaupiga wa kwanza kwenye zulia. Akaupiga wa pili. Akamgeukia shemeji kwa ushindi.

"Umeona? Mmoja takataka, mmoja eti wa mabingwa, na yote ni mbao. Nani kamdanganya nani hapa?"

Shemeji alifungua mdomo, lakini aliyetangulia ni mke wa Nyundo, bila hata kugeuka.

"Mbona haifanani? Wa kwanza umelia kama kijiko kwenye glasi. Wa pili ni kama mtu amepiga mto."

Nyundo akacheka kwa dharau. Akamwambia asimpendelee kaka yake, kwani gofu yeye anaijulia wapi? Akairudisha mipira yote miwili kwenye zulia, akaichanganya, akampiga marufuku kugeuka, akamfukuza hata shemeji nyuma ya kaunta asije akampa ishara. Akapiga mgumu. Kijiko, mkewe akasema. Akapiga mgumu tena, makusudi, kumtega. Kijiko. Akapiga laini. Mto. Akaendelea kupiga huku anatoka jasho, haraka haraka, bila mpango, na mkewe akaendelea kutaja pale pale alipokaa, kwa sauti ya kuchoka, na hakukosea hata mara moja. Nyundo yeye kila alipopiga alikuwa anasikia kitu kimoja tu, tup.

Akaiegemeza fimbo ukutani. Aliyepata pa kuanzia ni shemeji.

"Kile ulichokuwa unasema unakihisi mkononi, shemeji," alisema, "ulikuwa unakisikia. Wote tunasikia, tunadhani ni mkono."

Nyundo akaja juu. Masikio yake hayana tatizo, alisema, mbona anawasikia sasa hivi? Anasikia magari, anasikia watu gereji, anasikia kila kitu. Alikuwa anaongea kwa nguvu mno kwa chumba kidogo kama kile. Mkewe akageuka hatimaye, akasimama, akamsogelea mpaka wakatazamana.

"Miaka miwili nakuita kutoka jikoni hunijibu. Nikajua umenichoka. Nikaona ninyamaze nisijidhalilishe."

Hilo alilisikia lote. Akakaa kwenye lile sanduku, akashika tama.

Usiseme alitulia. Usiku ule alikasirika kuliko siku zote za mipira. Aliikasirikia nyundo, akalikasirikia bati, akaikasirikia miaka yote aliyowacheka mafundi waliojiziba masikio kwa pamba. Kwa kweli, afadhali mipira ingekuwa feki. Feki unairudisha dukani, unamtukana muuzaji, unanunua mingine. Sasa atamtukana nani?

Ijumaa kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu. Shemeji alikuwa upande wa mbali kabisa, amevaa koti kama mtu wa msiba, na mkewe Nyundo amekaa karibu na mlango. Mwenyekiti akamwita mlalamikaji. Nyundo akasimama, akaikunjakunja kofia yake.

"Mipira ya shemeji yangu ni mizima. Yaliyokufa ni masikio yangu. Nimempaka mtu matope bure, mbele ya watu, na mbele ya watu hawahawa naomba anisamehe."

Mwenyekiti, mtu wa taratibu, akakohoa, akauliza amejuaje. Juzi tu aliapa mipira ni feki. Je, kuna mtaalamu aliyeipima?

"Mke wangu alinisikilizia," Nyundo akasema.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Nyundo hakugeuka, hakumsikia. Aliyesikia ni shemeji, na akamtazama yule mtu mpaka kicheko kikamkauka. Kisha shemeji akanyanyua kiti chake, akazunguka nacho ile meza ndefu yote huku kamati ikimkodolea macho, akasimama mbele ya Nyundo mahali ambapo lazima amwone mdomo.

"Sikio lipi lina nafuu?"

Nyundo alichelewa kujibu, na si kwa sababu hakusikia. Akagusa la kushoto. Shemeji akaweka kiti upande wa kushoto, akakaa.