Siku Niliyomlamba Ng'ombe wa Mama Mkwe

Jamani, jambo hili nisingelisema hata leo, ila mashemeji zangu wanalisimulia kila harusi na kila kipaimara, tena wanaongeza chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe. Ni kweli, nililamba mfupa wa ng'ombe mbele ya ukoo mzima wa mchumba wangu. Nililamba nikiwa na akili zangu timamu, sijaonja hata tone la pombe, nimevaa kitenge kipya.

Mimi ni mzaliwa wa Rombo, ila naishi Karatu mjini na kazi yangu ni kuongoza watalii. Mchumba wangu Damasi kwao ni Endamarariek. Jumamosi hiyo alinipeleka kwa wazazi wake kwa mara ya kwanza, na nilijua kabisa naenda kupimwa, maana wiki tatu mbele wazee wake walitakiwa kwenda Rombo kupeleka posa na mama yake alikuwa bado hajakubali. Alishamwambia Damasi kwamba mwanamke anayeshinda porini akiwaonyesha wazungu twiga hawezi kutunza mji. Baba hakuwa na neno, lakini katika nyumba ile mama akikataa, safari haipo. Nami nilimpenda Damasi vibaya sana (hilo sikuwahi kumwambia, asije akavimba kichwa).

Tulikuta majirani wamekuja kusaidia kuchimba shimo la tangi la kuvunia maji ya mvua. Nikapokelewa vizuri, nikapewa maziwa mgando, nikajiunga na akina mama kumenya viazi, macho chini, adabu zote. Ningeendelea tu na viazi vyangu, mambo yangeisha salama. Lakini Mzee Tluway, jirani yao, akasema kwa sauti kutoka shimoni kwamba wamekuta jiwe lenye umbo la mfupa, halafu akaongeza, "Si tuna mtaalamu hapa? Mgeni wetu kazi yake si kuonyesha watu mifupa ya zamani?" Watu wakacheka, na mimi badala ya kucheka nao nikaweka kisu chini, nikafuta mikono, nikasema, "Uleteni niuone."

Sasa niwaeleze kidogo, msije mkadhani nilirukwa na akili. Kuna mtafiti mmoja niliwahi kumwendesha Ngorongoro, akanifundisha kwamba ukishindwa kujua kama kitu ni jiwe au ni kisukuku, yaani mfupa wa kale uliogeuka jiwe, gusa kwa ncha ya ulimi. Jiwe la kawaida halishiki, ila mfupa una vitundu vidogo vidogo vinavyofyonza mate, kwa hiyo unanata. Alinionyesha, nikajaribu, ukanata kweli, na tangu siku hiyo nikajiona profesa. (Alisema na mengine baada ya hapo, lakini mimi nilikuwa nashughulika na kuhesabu chupa za maji kwenye gari.)

Basi nikaushika mfupa, mwekundu wa udongo, nikaupangusa kwa kanga ya watu, nikawageukia kama ninavyowageukia wageni wangu, nikaulamba. Ukanata. Akina mama wakashika vinywa. Nami sauti ikanitoka ambayo hata mimi siijui, nikawaambia huu ni mfupa uliogeuka jiwe, wa mnyama wa kale kabla binadamu hajajua kufuga, simamisheni kazi mara moja, hili ni suala la serikali. Watu wakasimama. Mzee Tluway akavua kofia. Nikamwona Baba Damasi anampigia mtendaji wa kata, nikamwona Damasi ananitazama kwa fahari, na kusema ukweli niliona raha.

Raha ilidumu dakika tano. Kijana mmoja aliyebaki shimoni akavuta mfupa wa pili, na mfupa wa pili ukaja na kamba ya manila ya bluu, imefungwa fundo zuri kabisa. Mtu mwenye busara angekiri hapo. Mimi nikasema kamba hiyo inawezekana ilisukumwa na maji ya mvua ikaingia chini baadaye. "Ikajifunga fundo," akasema Mzee Tluway, akavaa kofia yake.

Mama Damasi akatoka jikoni, akaishika ile kamba, akaiangalia muda mrefu. Akasema polepole, "Huyu ni Kamanda." Kamanda alikuwa dume lao la kulimia, alifia pale miaka mingi nyuma, nyumba ikiwa bado upande wa pili wa shamba, na walimzika mzima bila kumchuna. Nikauliza (kwa nini niliuliza, sijui) mbona hawakumla.

"Alikufa kwa kimeta," akasema mama. Halafu akanitazama mdomoni. "Na wewe umemlamba."

Kama hamjui kimeta, ni ugonjwa wa mifugo unaoua na watu, na vijidudu vyake vinaweza kulala ardhini miaka na miaka. Ndiyo maana mzoga huzikwa, hauliwi. Waliokuwa shimoni walitoka mbio wakaoga kwa sabuni ya kufulia, mimi nikasukutuliwa kwa maji ya chumvi kama mtoto, nikapakiwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na baba mkwe mtarajiwa, hadi zahanati. Foleni ilikuwa imejaa. Nesi akauliza mgonjwa anaumwa nini, na Baba Damasi, mtu mkweli asiyejua kunong'ona, akajibu, "Haumwi. Amelamba ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Aliyekufa."

Foleni nzima ikanigeukia. Nesi alijitahidi, Mungu ambariki, lakini kalamu ilimtetemeka kwa kicheko. Nikapewa vidonge vya kumeza siku nyingi, na bwana mifugo akaja akafukia shimo na kumwaga chokaa. Jioni Damasi akanipa ujumbe wa mama yake kwa sauti ya msiba: posa isubiri kwanza. Nililia njia nzima kurudi Karatu, na kilichoniliza zaidi ni kwamba mama yule alikuwa na haki.

Wiki ile nilimpigia yule mtafiti, nikajikaza nikamweleza yote. Alicheka hadi akakata simu, kisha akapiga tena akanifundisha upya, na safari hii niliandika. Kumbe mfupa wowote mkavu uliokwisha mafuta unanata. Ulimi haujui miaka. Kisukuku hutokea pale mnyama anapofukiwa mapema na tope au majivu ya volkano, kisha maji ya ardhini yanaingiza madini kwenye vile vitundu kidogo kidogo hadi mfupa unakuwa mzito na wa baridi kama jiwe. Na umri wake huutafuti kwenye mfupa, unautafuta kwenye tabaka ulimolala. Majivu ya volkano yana chembe zinazoanza kuhesabu muda tangu zilipopoa, na wataalamu wana namna ya kuzisoma. Kilicho chini ya majivu kilitangulia majivu. Ukikiondoa kitu mahali pake bila kuandika kilipokuwa, umekifuta kumbukumbu.

Jumamosi iliyofuata walichimba shimo jipya karibu na korongo, na nilikwenda. Damasi alinisihi nisiende. Nilijua nitachekwa, na nilichekwa, watoto waliniletea kila jiwe wakiniuliza kama nina njaa. Nikabeba ndoo za udongo pamoja na wengine, kimya, hadi saa nane, shimo limezidi kimo cha mtu, nikaona kwenye ukuta wake kitu cha rangi ya kahawia chenye mikunjo iliyopangana kama mkate wa slesi. Nikashuka. Juu kulikuwa na udongo mwekundu, chini yake tabaka la kijivu, gumu, la majivu, limenyooka bila kuvunjwa na jembe wala mzizi, na kile kitu kilikuwa chini yake. Nikakigonga kwa ukucha. Baridi, kikalia kama chungu.

Jamani, fikirieni. Mara ya pili ndani ya siku nane nawaambia watu wale wale wasimamishe kazi ile ile, na mvua zinakaribia. Mzee Tluway akaniuliza kama hiki nacho nimeshakionja. Vijana wakashika majembe. Mama Damasi akaja ukingoni akanitazama kule chini.

"Una hakika?"

"Mama, nadhani ni jino la tembo wa kale. Hakika sina. Nina hakika tu kwamba kimelala chini ya majivu, na kwamba tukiking'oa leo hakuna atakayejua tena ni cha lini. Aje anayejua kuliko mimi."

Akawageukia vijana, "Wekeni majembe. Mtu akisema hajui, huyo anaweza kusikilizwa."

Afisa wa mambo ya kale alikuja siku ya tatu na wenzake. Wakapima, wakapiga picha, wakachukua majivu kwenye vifuko, na mkuu wao akapanda juu akaniuliza nani alizuia lisiondolewe, maana ni jino la tembo wa kale kweli, na limekutwa pale pale lilipolala, jambo ambalo kwao ni nadra. Nilitamani kupiga kigelegele, nikakizuia, lakini mama mkwe hakukizuia. Alipiga kile kigelegele hadi ng'ombe wakageuka. Mzee Tluway akanipa mkono mbele ya wote, na jino lilipokwisha kutolewa, tangi likajengwa kabla ya mvua.

Posa ilikwenda Rombo mwezi uliofuata, na Mama Damasi akadai naye apande gari. Baba yangu, mtu wa maswali, akauliza wamempendea nini binti yake. Nikainama, nikijua sasa historia yangu yote inamwagwa mbele ya shangazi zangu. Mama Damasi akajibu, "Huyu alikosea mbele ya kijiji kizima, na wiki iliyofuata akarudi kubeba ndoo. Wanaokosea tunao wengi. Tumekuja kuchukua aliyerudi."

Tangu hapo nimeapa, nikiulizwa kitu nisichokijua, neno la kwanza mdomoni mwangu ni "sijui", na mdomo huo hauendi popote mpaka macho yamemaliza kuangalia.