Alama Kwenye Dirisha la Mama Mkubwa

Kazini walimwita Bi Kasoro, na jina lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Akiingia chumbani, hata kabla ya salamu, alikuwa ameshaona kwamba pazia limepinda, kwamba kuna mtu karudisha kikombe bila kukisuuza, na kwamba saa ya ukutani iko nyuma dakika nne. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja na alikasirika mara sita kwa siku, saba ukihesabu ngazi, maana ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la matairi na lifti ilikuwa ahadi tu.

Sasa mtu huyo ndiye akapewa kazi ya kuchora programu ya simu ya kuwafurahisha watu. Iliitwa Hapohapo. Unatembea zako mtaani, simu iko mfukoni, mara inatetemeka: hatua kumi mbele, inua macho. Unainua, unaona kitu kizuri ambacho umekipita miaka yote bila kukitazama. Wenzake waliposikia nani kapewa kazi hiyo walicheka hadi wakashika mbavu. Lakini mkurugenzi hakukosea. Huyu alikuwa bwana mmoja wa viatu vyeupe, aliyewaita wafanyakazi wake "familia" na hakuwahi kumuuliza hata mmoja habari za nyumbani kwake. Aliona kitu kimoja sawasawa: mtu anayekerwa na kila kitu anaona kila kitu. Nani mwingine angejua kwamba kitasa cha mlango wa posta kimeng'aa upande mmoja tu kwa viganja vya watu, au kwamba fundi viatu wa kona hupanga misumari yake kwa ukubwa kabla ya kugusa kiatu?

Kwenye kikao cha kwanza mkurugenzi aliwataka wote wataje furaha zao ndogo za kila siku. Alianza mwenyewe. "Mimi kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nasugua meno huku nacheza muziki. Dirisha wazi!" Wakampigia makofi. Bi Kasoro alipofikiwa alisema hana, na akavimba hadi kikao kikaisha, kwa sababu alikuwa nayo.

Kazi ile ina desturi yake. Huwezi kujaribu ukurasa mtupu, kwa hiyo wachoraji huujaza takataka: jina jina jina, maelezo maelezo maelezo. Siku ya kutoa programu kwa watu, takataka zote zinafutwa. Bi Kasoro takataka zilimtia kichefuchefu. Yeye alijaza mambo ya kweli, thelathini, kila moja na alama yake kwenye ramani, yote kutoka njia yake ya kurudi nyumbani. La kumi na moja lilikuwa Mama mkubwa.

Mama mkubwa, dada wa mama yake, ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi akiwa na miaka tisa. Alishona sare za shule kwenye chumba cha chini, jengo la rangi ya maziwa. Hakuwa mtu wa maneno. Wateja walimwogopa, watoto waliokuja kupimwa walisimama wima bila kuambiwa. Lakini kila alasiri, mteja wa mwisho akishatoka, alifunga komeo, akavua kitambaa cha kichwa, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji, na akaiimbia cherehani yake. Nyimbo alizitunga mwenyewe. Nyingine zilimsengenya mteja fulani na kiuno chake, nyingine zilimgombeza marehemu mumewe kwa kutangulia, na zile ndizo zilizokuwa tamu zaidi. Bi Kasoro alizisikiliza uchochoroni, mgongo ukutani, hadi zikaisha, ndipo alipozunguka kwenda kubisha. Hakumwambia mtu.

Akaiambia simu. *Saa kumi na robo alasiri. Uchochoro nyuma ya jengo la rangi ya maziwa, dirisha la tatu. Simama kimya: mwanamke mzee anaiimbia cherehani yake.* Ilikuwa mfano tu. Ingefutwa.

Haikufutwa. Mkurugenzi aliiwahisha siku ya kutoa programu kwa sababu kuna mgeni mkubwa alikuwa anakuja, na Bi Kasoro alishinda mchana mzima akigombania rangi ya kitufe kimoja. Kitufe alikishinda. Mifano aliisahau. Miaka kumi na mitano ya kuwakosoa wenzake, halafu hilo!

Wiki ya pili, baada ya siku kadhaa za kutoka kazini usiku, alipita uchochoroni kama kawaida, akakuta watu kumi na wanne. Simu juu. Baba mmoja kambeba mwanawe mabegani ili aone vizuri.

"Dada, kuna foleni hapa," mama mmoja akamwambia.

Foleni! Damu ilimpanda hadi masikioni. Dirisha la tatu lilikuwa limefungwa, na kwa ndani limepigiliwa kipande cha kitambaa cha sare. Bwana mmoja alikuwa anakigonga kioo kwa pete yake. "Bibi! Wimbo mmoja tu!"

Bi Kasoro aliwafukuza kwa maneno ambayo sitayaandika. Alipozunguka mbele alimkuta Mama mkubwa ameketi, kitambaa kichwani, miguu mikavu.

"Siku ya nne hii," Mama mkubwa alisema. "Mwanangu, hawa watu wananitakia nini?"

"Nitawaondoa," Bi Kasoro akasema.

Kesho yake alimkalia mkurugenzi kooni tangu saa mbili asubuhi. Kufuta alama kulihitaji idhini yake, na idhini hakuitoa.

"Dada, hiyo ndiyo alama inayopendwa kuliko zote! Watu wanaipa nyota tano."

"Ni mama yangu mkubwa, na hata haimbi tena. Wanalipigia nyota dirisha lililofungwa."

"Basi ongea naye. Mara mbili tu kwa wiki. Si ni mzazi wako?"

Alisema hivyo huku akitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomaliza maneno. Bi Kasoro alirudi mezani kwake. Kufuta hakuweza. Kuhamisha aliweza, kwani alama za ramani husogea kila mara na wachoraji huzirekebisha mita mbili, tatu, bila kumwomba mtu. Akaisogeza kilomita sita. Akaiweka sawasawa chini ya dirisha la bafu la nyumbani kwa mkurugenzi, akabadilisha maelezo: *Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Simama kimya: mwanamume anasugua meno huku anacheza.*

Asubuhi iliyofuata walifika tisa. Mmoja alipanda juu ya pipa. Saa moja kasoro mkurugenzi alipiga simu akifoka, povu bado mdomoni kwa jinsi maneno yalivyokuwa yanatoka.

"Futa! Hapa ni nyumbani kwangu!"

"Ongea nao, bosi. Mara mbili tu kwa wiki," akamjibu, kisha akafuta. Hakujali kama angefukuzwa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza mwezi ule, alishuka ngazi za ofisi bila kununa.

Alasiri alikwenda kwa Mama mkubwa akiwa na ushindi wake. Uchochoro ulikuwa mtupu. Ndani, Mama mkubwa alikuwa anafumua mshono wa sketi, kimya.

"Hawatakuja tena. Nimeifuta," Bi Kasoro alisema.

"Umeifuta wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa hiyo uliiandika wewe."

Bi Kasoro akaketi. "Niliiandika. Ilikuwa ya majaribio, nikasahau kuitoa. Nisamehe, Mama mkubwa."

"Kusahau nimekusamehe." Mama mkubwa alivuta uzi, ukakatika. "Yule bwana mwenye pete alinisomea maandishi. Saa, dirisha, wimbo. Nani alikwambia kwamba naimba?"

"Nilikuwa nasikiliza. Pale nyuma."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka tisa."

Mama mkubwa aliiweka sketi mezani. Alikuwa mwepesi wa hesabu, kazi yake yote ni vipimo. "Miaka thelathini na miwili," alisema, "nikidhani niko peke yangu."

Bi Kasoro alingoja kugombezwa. Alitamani kugombezwa, ugomvi aliujua, angeujibu au angeumeza. Lakini Mama mkubwa hakupandisha hata sauti. Alinyanyuka, akamsindikiza mlangoni kama anavyosindikizwa mteja.

"Kesho ukija, pita mbele moja kwa moja. Ubishe hodi, nikuitikie, ndipo uingie."

"Utaimba tena?"

"Hilo si la kuniuliza."

Komeo likaingia. Bi Kasoro alibaki kizingitini, hasira zote zimemwishia mkononi hana pa kuzipeleka. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Alisimama kidogo akitega sikio, kisha akagundua anachokifanya, akaondoka haraka kabla ya robo kufika.